Chaki Ukutani

Mtungi umezima saa kumi na mbili kasorobo,
kunde zimelainika ganda, moyo bado.
Nimeutikisa. Nimeulaza. Nimeuinua tena
kama mtoto aliyepaliwa.
Mwanasiti wa mlango wa pili akapaza sauti juu ya ukuta:
"Uweke kwenye beseni la maji ya moto,
yaliyobaki yatapanda yenyewe!"
Maji ya moto, Mwanasiti?
Kwa moto upi?

Nyuma ya mlango wa jiko nina ukuta wangu.
Wenzangu wa Ngamiani huandika deni la maziwa,
mimi naandika gesi,
kwa chaki aliyonitolea Riziki shuleni bila mwalimu kujua:
Mfungo tano, elfu ishirini na moja, siku thelathini na nane.
Mfungo sita, ishirini na mbili na mia tano, siku thelathini na tatu.
Mfungo saba, ishirini na nne, siku ishirini na nane.
Bei inapanda ngazi, siku zinashuka,
zinapishana hapo kwenye chokaa
bila hata salamu.

Jana usiku Mbaruku alipiga hesabu
nyuma ya kalenda ya duka la mabati.
Ni karani wa mizani bandarini, hupima hata pumzi.
"Chai mara tatu. Kunde saa mbili nzima.
Nani katika mji huu anapika kunde kwa gesi?"
Nikamwambia, wewe uliyesema mkaa unakutia mafua.
Nikamwambia, wewe uliyempa mjomba wako wa Muheza
jiko letu la mkaa, na koleo lake,
ukasema nyumba hii sasa imestaarabika.
Nikamwambia na hili, ambalo ningelimeza
lau ulimi ungekuwa na mfuniko:
"Na sufuria la maji ya kuoga ya mama yako,
kila alfajiri, hilo hulihesabu?"

Pazia la chumba cha Bi Mwanahawa ni kitenge.
Kitenge hakizuii kitu.

Alfajiri ya leo hakuniita.
Nilikuwa nakanda unga, nikasikia bomba,
nikasikia ndoo, na fimbo yake ikiegemezwa mlangoni,
kisha kata ya kwanza.
Kipupwe hiki, maji yaliyolala bombani usiku kucha
yanauma kama siafu.
Akavuta pumzi, hiii, akaikata katikati.
Kata ya pili hakutoa sauti.
Nikahesabu mpaka kumi na moja,
mikono yangu imeganda ndani ya unga.
Akatoka amejifunga leso mbili, meno yanagongana:
"Maji baridi yanaamsha, mwanangu.
Sisi Pangani tuliyazoea."
Sijawahi kusikia uongo
uliooga vizuri namna ile.

Basi kunde hizi zimekaa, na mimi nimekaa nazo,
mpaka Mbaruku ameingia na mtungi begani,
shati limelowa upande mmoja.
Hajaniambia bei. Ameiacha risiti juu ya kabati
kama mtu anayeacha barua ya msiba.
Ishirini na tano na mia nane.
Nimeandika, chaki imevunjika kwenye nane.

Nikafunga kichwa cha mpira, nikanusa, nikawasha.
Moto wa buluu, mdogo, wenye adabu zote
za kitu cha ghali.
Mbaruku akaliangalia sufuria la kunde chini sakafuni,
akaliangalia lile nililoteleka,
maji matupu, hayana hata chumvi.
Akafungua mdomo wa kupima.
Akaufunga.

Nimeyajaribu kwa kiwiko, nikayabeba mpaka bafuni,
nikagonga mti wa mlango penye kitenge.
"Nimeshaoga leo," akasema.
"Oga tena."

Kunde tumezila saa nne usiku.
Zilikuwa bado ngumu.